Ndirangu Hajafa

Mwezi uliopita tulikwenda kuwasalimia wakwe zangu, na mwanangu wa pili, ambaye hata kufunga kamba za viatu hajajua, akapokelewa mlangoni na bibi yake kwa kelele za furaha. "Bwana yangu amefika! Umeniletea nini leo? Ama umekuja mikono mitupu kama kawaida yako?" Watu wakacheka. Mtoto akauinua mkate tuliompa abebe, na bibi yake akampa mkono kama anavyopewa mtu mzima. Ni mzaha wa siku zote, kila nyumba kwetu inaujua. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia masikio yakipata moto. Nikasema naenda kuangalia kama nimefunga gari, nikakaa huko nje nikiitazama taa ya mbele kana kwamba nataka kuinunua.

Mke wangu alinifuata. "Kwani mama amesema nini kibaya?"

Hakusema kibaya chochote. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine, na siku yenyewe ndiyo hii, maana kuna mambo ambayo ni afadhali uyaandike kuliko kuyasema ukiangaliwa usoni.

Kwetu Wakikuyu majina ya watoto hayatafutwi vitabuni. Mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake, na jina haliji peke yake. Huja na heshima zake, na huja na mke. Mimi ni wa pili, kwa hiyo nilizaliwa Ndirangu kama guka, baba ya mama yangu, na kabla sijaota meno nilikuwa tayari na mke mwenye mvi kule Mau Narok, mwenye ng'ombe wawili na viatu vya mvua, gambuti za kijani. Huyo ndiye shosho, mama ya mama yangu.

Kila likizo tukipandishwa kule kwenye baridi, shosho aliningoja mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe mzee, umelala wapi siku zote hizi?" Alisema Kikuyu nami nikamjibu Kiswahili changu cha mjini, ndiyo maana maneno yake hapa nimeyageuza. Mimi nilifanya sauti nzito: "Nilikuwa kazini. Chakula kiko wapi, mvivu wewe?" Hapo ndipo alipocheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Mvivu wewe" lilikuwa neno langu, na hilo nililisema kwa Kikuyu. Watu walilingoja. Guka mwenyewe, kwenye kiti chake karibu na moto, alicheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kofia na maneno machache, na alinichomea viazi kwenye majivu na kuvipuliza yeye mwenyewe kabla hajanipa. Nilimpenda sana. Sikuwahi kujiuliza neno langu nililiokota wapi.

Guka alipokufa nilipewa picha yake niibebe mbele ya jeneza. Baridi ilikuwa kali na koti langu lilikuwa la kaka yangu Kim, mikono ikinifunika vidole. Baada ya maziko watu wazima walipanga foleni kunishika mkono, mimi mtoto wa darasa la nne, na wote wakasema neno moja: "Ndirangu hajafa. Huyu hapa." Walisema kwa machozi, na mimi nikawaamini. Niliamini kama vile mtu anavyoamini akiambiwa amepandishwa cheo. Niliwaza nani sasa atauza viazi, na kama nitatakiwa kuacha shule.

Haikupita muda mrefu shosho akaletwa kwetu mjini. Mjomba aliyebaki shambani alisema mkewe amechoka: sufuria zinaungua, shosho anatoka kwenda shambani mvua ikinyesha, anarudi hajui alikuwa anatafuta nini. Kwa hiyo akaja mtaani kwetu Section 58, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili na veranda ya vumbi, na mama akamtandikia kitanda karibu na cherehani yake. Mama alishona sare za shule pale pale sebuleni. Mama mkwe kukaa kwa mkwe wake ni jambo ambalo kwetu watu hulisema kwa sauti ya chini. Baba alikuwa dereva wa lori, na aliporudi safarini alianza kukohoa tangu getini ili shosho ajue kwamba anaingia, kisha akala chakula chake kwenye veranda. Hakulalamika. Lakini hata mimi niliona kwamba nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole.

Mimi tu nilikuwa na raha. Mke wangu alikuwa amekuja kukaa. Na mzaha wetu, badala ya kuisha mlangoni kama zamani, sasa ulikuwa wa kutwa nzima. Aliniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji, nikasema wamekunywa. Aliniuliza kama yule mnunuzi wa viazi amekuja, nikasema atakuja kesho. Jumapili moja kulikuwa na kuku, na baba alikuwapo. Shosho akachukua firigisi kwa vidole kutoka kwenye sinia, ile ambayo kila mtu anajua huwa ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Mama, huyo si ni mtoto," mama akasema.

"Nimpe nani sasa? Si mwenyewe ndiye huyu?"

Baba akacheka kidogo akaangalia pembeni. Nikaila. Kim akaninong'oneza, "Mzee, si basi ulipe rent." Kichwa kilinivimba. Jioni nilikalia kiti cha baba mpaka nikafukuzwa.

Niseme wazi kwamba sikuwa mpumbavu. Nilikuwa nimeona shosho akitafuta choo jikoni. Nilikuwa nimesikia mama akimwambia jirani, "Akili imeanza kupotea, hata jina langu ananiuliza." Lakini kwangu hayo yalikuwa mambo mengine. Mimi alikuwa hanisahau. Alimsahau mama, alimsahau Kim, akamwita baba "yule mtu wa lori," lakini mimi aliniita Ndirangu kila mara bila kukosea, na nikachukua hiyo kuwa sifa yangu.

Kisha akaja shuleni. Ilikuwa wakati wa mapumziko, na vijana wa darasa la saba wakaja mbio uwanjani. "Niaje mzee! Bibi yako ako kwa gate!" Nilipofika nilimkuta amevaa gambuti na sweta ya mama ya kwenda kanisani, amebeba kikapu cha kiondo. Sijui alivukaje barabara. Ndani ya kiondo kulikuwa na sufuria nzima ya mukimo, viazi vya kupondwa na mboga, kijiko kikiwa kimesimama katikati. Mwalimu wa zamu alisimama pale, na mlinzi wa geti, aliyejua Kikuyu, akamtafsiria huku akishikilia mbavu.

"Anasema ameletea bwana yake chakula. Anasema huyu jamaa ametoka asubuhi bila kukula."

"Ndirangu, huyu ni nani yako?" mwalimu akauliza.

Nikaangalia gambuti zake. Shosho alininyooshea kola ya shati, akafuta kitu shavuni mwangu kwa kidole alichokilowesha mate, taratibu, kama mtu asiye na haraka, mbele ya shule nzima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipokea sufuria ile nikaibeba hadi darasani ikiwa ya moto mikononi, na mpaka ninamaliza darasa la nane hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Bwana Harusi.

Hiyo ilikuwa aibu ya kitoto, ya kuchekwa, na sasa naweza kuicheka mwenyewe nikiwa na watu wema. Iliyofuata siwezi.

Siku moja baada ya shule tulikuwa tumekaa kwenye veranda, mimi na shosho, tukimenya njegere kwenye beseni. Upepo ulikuwa umeleta lile vumbi jeupe la upande wa ziwa la magadi na kila kitu kilikuwa na ladha ya chumvi. Ndani cherehani ya mama ilikuwa inanguruma. Shosho akasema, bila kuniangalia, "Ndirangu, kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza."

"Mbona ulinifanya nimwage viazi mbele ya wale vibarua?"

Sikujua viazi gani wala vibarua gani. Lakini nilijua mchezo wetu unavyokwenda. Yeye huuliza, mimi hujibu kwa sauti nzito, kisha tunacheka. Na kwa vile hakuwa amecheka siku nyingi, nilimpa lile neno letu bora kuliko yote.

"Kwa sababu wewe ni mvivu!"

Nikangoja. Mikono yake ikatulia ndani ya beseni. Hakulia kama mtoto anavyolia wala kama wanawake walivyolia kwa guka. Machozi yalishuka tu, uso ukiwa haujabadilika, yakaingia kwenye njegere.

"Bado unasema hivyo," akasema. "Mpaka leo bado unasema hivyo."

Cherehani ilinyamaza. Mama alitokea mlangoni akiwa na pini midomoni, akanishika bega akanipeleka jikoni na kufunga mlango. Nilidhani nitapigwa. Alizitoa zile pini moja moja akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake, na nikaona anatafuta pa kuanzia.

Siri ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wa siri hii alikuwa mama. Aliniambia haraka haraka, macho yakiwa kwenye sinki. Zamani, wakati wa kuvuna, mama yake shosho alikuwa mgonjwa ng'ambo ya bonde, hana kitu ndani ya nyumba. Shosho akaweka viazi vya kumpelekea ndani ya kiondo, chini kabisa, vile vidogo vidogo ambavyo mnunuzi huvikataa, akavifunika kwa majani ya ng'ombe. Guka akaona jinsi ukanda wa kiondo ulivyomkaza kwenye paji la uso. Majani hayana uzito huo. Akamwita, mbele ya vibarua na watu wa lori waliokuja kupakia. Akamwambia amwage. Shosho akamwaga. Guka akasema, "Mvivu huyu, kumbe pia ni mwizi." Watu wa lori wakacheka. Kisha akamwamuru aviokote vyote, kimoja kimoja, avirudishe kwenye gunia, huku wakimtazama.

"Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe," mama akasema. "Nikamsaidia kuokota."

"Na guka alisema pole?"

"Wazee wa siku hizo hawakuwa wanaambia mabibi zao pole." Akafungua bomba bila sababu, akalifunga. "Na hiyo maneno usipeleke nje, umenisikia? Guka yako alikuwa mtu mzuri."

Ilikuwa kweli. Alikuwa mtu mzuri, nilikuwa nimekula viazi alivyovipuliza kwa mdomo wake. Hilo ndilo lililonishinda. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, ile niliyoibeba, na kuanzia siku hiyo nilipita mbele yake nikiangalia sakafu. Nilikuwa na jina lake. Nilikuwa na neno lake mdomoni, na nilikuwa nimelisema kwa miaka kila likizo, mlangoni, watu wakicheka, na yeye akipangusa macho. Hata leo sijui kama yale machozi yote yalikuwa ya kicheko. Shuleni niliwaomba walimu waniite Samuel, jina langu la ubatizo, nikasema Ndirangu ni refu.

Sasa nimesoma kidogo kuhusu ugonjwa huu, najua una jina, na kwamba huanza kula ya jana kabla ya kufikia ya zamani. Nakasirika watu wanaposema mzee amerudi utoto. Mtoto gani ana jambo la kumuumiza namna ile? Nadhani shosho alikuwa kwenye kazi ya mwisho ya mtu mzima, ile ya kuyachambua maisha yako uone kama unaweza kuyakubali jinsi yalivyokuwa, na akili zake zikawa zinamtoka kabla hajamaliza. Alikuwa ameyasamehe mengi, mama aliniambia. Hili moja lilimkwama. Aliuliza tena, karibu kila siku, kwa upole ule ule, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nilijifanya nina homework. Nilijifungia chooni.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa. Mama alikuwa amejiandaa tangu asubuhi: vitambaa vimetandazwa kwenye makochi, shosho amevalishwa nguo ya maua, chai ya tangawizi kwenye chupa. Kwa mama siku hiyo ilikuwa kubwa. Watu walikuwa wamenong'ona vya kutosha juu ya mama mkwe anayekaa kwa mkwe wake, na alitaka waone mama yake ni msafi, anatunzwa, anaheshimiwa. Wakaimba wimbo. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka nikaingia na sinia ya vikombe.

"Mwenyewe huyu," shosho akawaambia, akininyooshea kidole. "Muulizeni. Muulizeni kwa nini alinimwagisha viazi."

Wakacheka, kwa kuwa wanaujua mzaha wa bwana mdogo. Mmoja akadakia, "Haya mzee, tuambie! Kwa nini unasumbua bibi yako?"

"Alisema mimi ni mwizi," shosho akasema.

Kicheko kikapungua. Mama akasema, "Mama, kunywa chai, inapoa," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba. Macho yake yalikuwa yananiomba nitoke.

Sikutoka. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili kwa siku nyingi kwa akili ya mtoto, na akili ya mtoto hunyooka kama rula. Aliaibishwa mbele ya watu. Basi aombwe msamaha mbele ya watu. Mwenye kosa ni Ndirangu, na Ndirangu hajafa, walisema wenyewe kaburini. Niliweka sinia chini. Nikasimama katikati ya zulia, na kwa vile guka hakuwa mtu wa Kiswahili, nikasema kwa Kikuyu changu kibovu nilichokuwa nimekifanyia mazoezi bafuni.

"Nisamehe kwa vile viazi. Nilikosea. Wewe si mvivu, na wewe si mwizi."

Shosho alinitazama. Alinitazama kuanzia miguuni, kwenye soksi zangu za shule, polepole hadi usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu niliona macho yake yakinifikia mimi, si mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Ni mimi. Ndirangu."

"Hapana," akasema, kwa upole kabisa, kama unavyomrekebisha mgeni aliyekosea nyumba. "Ndirangu namjua. Hilo neno haliwezi kutoka kinywani mwake." Akawageukia akina mama. "Lakini mtoto huyu amefunzwa vizuri. Mpeni mkate."

Nikapewa mkate. Mama mmoja akaona heri aanze maombi, akaombea wagonjwa, wasafiri, mvua na serikali, akaomba mpaka chai ikapoa kweli, na hakugusa viazi hata kidogo. Wakaondoka mapema. Mama alikusanya vikombe, na mimi nikasimama karibu na sinki nikingoja hukumu yangu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Akaosha kikombe kimoja muda mrefu kuliko kinavyohitaji. "Siku ile nikiokota," akasema, "nilikuwa nalia nikimwonea mama haya. Baba sikumwonea. Mama ndiye nilimwonea haya." Hatujawahi kurudia mazungumzo hayo mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe sasa ana mvi na hukaa kwangu wiki nzima nzima.

Mke wangu hunilalamikia kwamba naomba msamaha ovyo. Kikombe kikivunjika chumba kingine, nasema pole. "Pole ya nini sasa, kwani ni wewe?" Nasema pole mapema, kabla sijajua kosa ni la nani, kwa kuogopa kuwa mtu ambaye neno hilo haliwezi kutoka kinywani mwake. Na hata hivyo najua haina faida kubwa. Msamaha wa kuombewa na mtu mwingine niliujaribu, mbele ya mashahidi, na aliyeombwa aliukataa kwa adabu, kwa sababu akili yake, iliyosahau choo kiko wapi, haikusahau alikuwa anamdai nani neno lile.

Asubuhi iliyofuata ziara ya akina mama wa kanisa, kukiwa bado na baridi, nikaenda kwa shosho kabla ya shule. Nilitaka turudiane. Nilisimama mlangoni pa sebule, mikono kiunoni kama alivyokuwa akifanya yeye, nikasema kwa sauti nzito, ila bila lile neno, "Mke wangu, umeamka?"

Akavuta blanketi hadi kidevuni, kwa haya, kama mwanamke anapomwona mtoto wa jirani mlangoni.

"Mume wangu hayuko," akasema. "Ukipita huko shambani ukimwona, mwambie nimemaliza kuviokota. Vyote."

Nikamwambia sawa, nitamwambia.